Baka Linapowaka Katikati ya Matibabu

Leo nazungumza nawe unayemeza dawa za ukoma, nawe uliyezimaliza, pamoja na wale mnaoishi nao nyumba moja.

Umemeza vidonge vyako miezi miwili, mitatu, hujakosa hata siku moja. Asubuhi moja unaamka na kukuta baka lililokuwa limetulia limevimba na kung'aa. Liguse kwa kiganja, lina joto. Jirani anasema dawa zimeukataa mwili wako. Mwingine anasema umerogwa tena. Nawe unazifunga zile dawa kwenye karatasi na kuzitupa juu ya kabati. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Hali hiyo huitwa riaksheni ya ukoma, na si sumu ya dawa. Vijidudu vya ukoma, ambavyo Gerhard Armauer Hansen wa Norway alivitambua mwaka 1873, hujificha ndani ya seli za ngozi na za neva. Wakati mwingine askari wa mwili, zile chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli za T, huamka ghafla na kuvitambua. Hutoa kemikali za kuwaita wenzao, na seli walaji humiminika hapo kwa wingi. Askari hawa hawachagui sana: hata mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa huyashambulia. Ndiyo maana riaksheni huweza kumpata mtu kabla ya matibabu, katikati yake, au hata baada ya kumaliza dawa. Akina mama huwapata zaidi baada ya kujifungua.

Ngozi ikivimba ina nafasi ya kutanuka. Neva haina. Imefungwa ndani ya ala yake, kwa hiyo uvimbe huibana kutoka ndani, na mkono au mguu huweza kufa ganzi au kulegea kwa siku chache tu. Mimi baka lenyewe halinitishi sana. Nauliza kwanza: je, kiwiko kinauma kwa ndani? Unashindwa kufunga kifungo cha shati? Slipa inakuvuka mguuni bila wewe kujua? Jicho halifumbi vizuri ukilala? Ukijibu ndiyo kwa moja tu, usingoje siku ya kliniki. Nenda leo.

Kuna riaksheni ya aina ya pili, kwa wale waliokuwa na vijidudu vingi. Hiyo huleta vinundu vyenye maumivu chini ya ngozi, homa, viungo kuuma, na pengine macho mekundu yanayouma. Wengi hudhani ni malaria na kununua dawa dukani. Hiyo nayo ipeleke hospitali.

Mhudumu wa afya atapima nguvu za misuli na kuona kama ngozi inahisi mguso. Kama neva imeguswa, atakupa prednisolone, dawa ya kuwatuliza hao askari. Huanza kwa kipimo kikubwa kisha hupunguzwa polepole kwa miezi kadhaa. Usiikatize kwa sababu maumivu yameisha, maana mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikatiza ghafla ni hatari. Neva iliyodhoofika kwa muda usiozidi miezi 6 ina nafasi nzuri ya kurudi. Ikikaa zaidi ya hapo, kupona ni vigumu.

Na zile dawa za ukoma? Endelea nazo sambamba, miezi 6 au 12 kama ulivyoandikiwa. Hutolewa bila malipo.

Nanyi wa nyumbani, msimtengee sahani. Riaksheni haimaanishi kwamba ugonjwa umeanza kuambukiza upya. Msaidieni nauli ya kwenda kliniki, na leo ndiyo siku ya kuitafuta.