Gharama ya Bima ya Afya kwa Wanachama Wazee



Wazee wetu wengi hapa Kenya hudhani kwamba kujiandikisha katika SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, kwatosha. Kwa zahanati na kituo cha afya, naam. Lakini akilazwa hospitalini, mzee hudaiwa mchango: asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba yake, wala si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani shilingi 3,600 au zaidi. Mkulima apokeaye fedha za kahawa mara moja kwa mwaka atazipata wapi siku ya ugonjwa? Basi Makatibu, siku ya malipo, muulizeni kila mzee kama aridhia zikatwe, naye atie sahihi.