Je, Mimi ni Teja?



Leo nimekuja na karatasi moja tu, niliyoikuta kwenye sanduku la maswali. Haina jina. Inasema: "Naangalia video za ngono kwenye simu ya kaka, mara moja au mbili kwa mwezi. Nikimaliza najiona mchafu. Nimeacha kwaya, nimeacha kusali, usiku silali. Je, mimi ni teja?"

Hamjacheka. Vizuri. Aliyeandika hayuko peke yake, na si wavulana tu. Zamani mtu alijipenyeza kwenye banda la video kuona mkanda wa X. Siku hizi picha zinamfuata kwenye simu, hata asipozitafuta.

Ndani ya swali hili mna mambo mawili. Tukiyachanganya, tutaumia bure.

La kwanza ni tabia kumshinda mtu. Hilo lipo. Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake: mambo ya ngono yanatawala maisha, masomo na afya vinaachwa. Mtu anajaribu kuacha mara nyingi, anashindwa. Anaendelea ingawa anaumia, au hata haoni raha tena. Na hali hiyo inadumu muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi.

La pili ni kusutwa na dhamiri. Umefanya jambo ambalo wewe mwenyewe unaamini ni kosa, moyo unauma. Shirika hilo hilo linasema wazi kwamba maumivu hayo peke yake hayatoshi kumwita mtu mgonjwa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Joshua Grubbs, na wenzake wameonyesha kwamba wanaoamini jambo hili ni dhambi huwa wepesi kujiona mateja, hata kama wanaangalia mara chache.

Usinielewe vibaya. Sisemi utupe imani yako. Wala sisemi video zile ni darasa zuri. Hazikufundishi kuheshimiana, kuridhiana wala kujikinga. Dhamiri ni kama kengele ya shule. Inalia, unajua cha kufanya, inanyamaza. Ikilia mchana kutwa, nani atasoma?

Hatia inasema, "Nimekosea." Aibu inasema, "Mimi ni takataka." Ya kwanza inaweza kukurekebisha. Ya pili inakufungia ndani peke yako, na mpweke hutafuta kitu cha kumliwaza. Mara unairudia simu ile ile.

Sasa ufanye nini? Chunguza hamu inakujia saa ngapi: usiku, ukiwa peke yako, ukiwa na mawazo ya mtihani? Simu ilale sebuleni. Rudi kwaya, rudi uwanjani. Ukiteleza, inuka uendelee. Kuteleza si kuanguka. Mwambie mtu mzima mmoja asiye mtangazaji: shangazi, mwalimu wa ushauri, kiongozi wa dini mwenye huruma. Kama tabia imekushinda, au huzuni imezidi wiki 2, nenda kituo cha afya. Na ukiwaza kujidhuru, usingoje kesho. Mwambie mtu leo hii, au piga 116. Hapa Tanzania ni namba ya bure ya kusaidia watoto.

Mwenye karatasi, jibu lako ni hili. Kwa ulichoandika, sioni teja. Ila kutolala na kujitenga kunanitia wasiwasi kuliko video zenyewe. Umebeba mzigo peke yako, na mzigo mzito mpe mwenzio.

Nitakaa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi. Atakayekuja, hata akitaka kuzungumzia mpira kwanza, karibu.