Wasiwasi, Maombi na Mshauri
(Hotuba ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Taarifa ya hisa, mikopo na marejesho Mweka Hazina amekwisha kuisoma. Sisi tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vyake, nalo ni wasiwasi.

Katika mwaka wetu wa nne mwenzetu mmoja alianza kukosa vikao. (Ameturuhusu tuyaseme haya, jina tusilitaje.) Biashara yake ya vitenge ilikuwa imeyumba na mkopo haujaisha. Usiku halali, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono inatetemeka. Alikwenda zahanati akidhani ni presha. Akapimwa, presha haina neno. Nasi tulifanya nini? Tulimwendea nyumbani kundi zima, tukamwambia imani yake imepungua. Jumapili tukamwombea hadharani, na deni lake tukalitaja. Jamani! Tulidhani tunasaidia. Akaacha hata kuja ibadani.

Baba Mchungaji ndiye aliyetuletea dada mmoja, mshauri nasaha na Mkristo mwenzetu. Alianza na habari za Hana katika Samweli wa Kwanza. Hana aliomba kwa uchungu, midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Imani ya Hana haikuwa na kasoro. Aliyekosea ni kuhani, mpaka alipomsikiliza. Hapo tulitazamana, maana akina Eli tulikuwa sisi. Akatukumbusha na Eliya chini ya mretemu, alipoomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akalala, akala tena, ndipo akaanza safari ya kwenda Horebu.

Baadaye dada yule alikaa na mwenzetu faraghani, mara nyingi. Walianza kwa sala na kumaliza kwa sala, lakini katikati kulikuwa na kazi. Alimfundisha kupumua taratibu moyo unapoanza mbio. Alimwonyesha kwamba kila kikao anachokikwepa kinafanya kile kinachofuata kitishe zaidi. Wakaandika shida zote kwenye karatasi, wakachagua moja tu inayowezekana wiki ile: kuongea na Mwenyekiti juu ya marejesho. Nafuu haikuja siku moja, ilichukua miezi. Nasi tuliambiwa wazi kwamba asiyepata nafuu, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali upesi, na kumeza dawa si kumkana Mungu.

Alitusimulia pia habari za akina bibi wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mengi, hali ambayo Washona huiita kufungisisa. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za mji huo, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za wasiwasi na sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na wakitoka kwenye benchi hujiunga na vikundi, husuka mifuko ya kuuza huku wakiongea. Tulicheka: kumbe wanafanana na sisi!

Basi na sisi tuna benchi, chini ya mwembe nyuma ya kanisa, na mama wawili waliofundishwa kusikiliza. Linalosemwa pale haliletwi kikaoni, hata kwa jina la ombi la sala, mpaka mwenyewe aruhusu. Juu ya deni tulibishana sana, wengine wakisema tunadekeza, lakini mwisho tulikubali alipe kidogo kidogo. Alimaliza katika mwaka wa sita.

Kitambaa kilichofunika meza ya Mgeni Rasmi leo kimedariziwa na yeye.