Omena, Odowa na Damu ya Mtoto wa Rusinga



Kila tunapoitaja zebaki ya machimbo ya dhahabu kule Macalder, Migori, huulizwa kama watoto wakatazwe samaki. Jibu langu ni hapana, na omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, ndio wasiondolewe sahanini kabisa.

Zebaki ikiingia majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayong'ang'ania mwilini. Samaki mkubwa akimla mdogo, hurithi mzigo wake. Kwa hiyo mbuta (sangara) mkubwa hubeba zebaki kuliko omena, ambaye maisha yake ni mafupi. Hata hivyo, samaki wengi waliopimwa katika Ghuba ya Winam walikuwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo. Na tusidanganyane: minofu ya mbuta hupanda ndege kwenda ng'ambo, mtoto wetu akaachiwa mgongo wazi, yaani mifupa iliyokwisha kutolewa minofu.

Kesi ya omena ni nyingine. Huliwa mzima, kichwa na matumbo, na mara nyingi huanikwa chini. Mwaka 2010 Elijah Oyoo-Okoth na wenzake walichapisha utafiti uliopima madini ya risasi, kadimi, shaba na zinki katika omena, na pia katika nywele na kucha za watoto wa shule upande wetu wa ziwa. Basi mama, osha omena kwa maji moto, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe, kisha utazame mchanga uliotuama chini ya beseni. Huo ndio wa kuogopwa, maana unaweza kubeba madini hayo. Omena wa kwenye kichanja huwa na mchanga kidogo. Tena omena huyohuyo ana chuma na kalsiamu, na mtoto aliyeshiba madini hayo hufyonza risasi kidogo.

Ninachokihofia zaidi ni odowa, udongo ambao watoto huutafuna. Wenzel Geissler na wenzake, katika tafiti za mwaka 1997 na 1998 miongoni mwa wanafunzi wa shule za msingi magharibi mwa Kenya, walikuta karibu watatu kati ya wanne wanakula udongo, na ulaji huo ukaandamana na upungufu wa damu. Sasa mfikirieni mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi tu, ambayo nayo huzuia chuma kuingia mwilini. Saa nne anatafuna odowa. Udongo huo ukiwa na risasi, utumbo wa mtoto unaweza kufyonza hadi nusu ya risasi anayoimeza, wa mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi, na tumbo tupu huzidisha mambo.

Kumchapa hakusaidii. Napendekeza anayekutwa na odowa apimwe damu na minyoo kwanza, na uji wa shule za chekechea uchanganywe unga wa omena aliyeoshwa, unywewe kabla ya saa tatu.