Juma la Mtoto wa Chekechea



Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Lakini hapa Gairo, mvua zikianza, wapo wazazi wanaoondoka na watoto kwenda mashamba ya mbali. Jumatatu mtoto amejifunza alif na herufi a, Jumanne amehesabu punje za mahindi hadi 10, Jumatano hayupo. Akirejea Ijumaa, wenzake wamekwisha kuhifadhi Suratul-Ikhlas, aya zote 4, naye anakaa pembeni kimya. Mwalimu afanye nini?

Tunawaomba mpokezane: juma hili mzazi mmoja (na akina baba wamo) abaki na watoto wa majirani, juma lijalo mwingine, na shamba lake walilime wenziwe.