Joto la Gesi Iliyo Baina ya Nyota



Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapokuwa ziwani na taa zao, sisi tulio ufukoni huuona mkanda mweupe uliokata mbingu. Mkanda huo ni nyota zisizohesabika. Baina yake imetanda gesi nyembamba iitwayo haidrojeni, ile ile ambayo ikiungana na oksijeni hufanya maji ya ziwa letu. Nasi twauliza: gesi hiyo ni baridi au ni moto? Ni nani awezaye kuifikishia kipimajoto?

Hapana awezaye. Lakini gesi hiyo hutoa mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi yaichukuayo sauti hii. Urefu wa kila wimbi ni sentimita 21, yapata shibiri moja. Mwaka 1944 H. C. van de Hulst wa Uholanzi alieleza kwamba mawimbi hayo huenda yakapatikana. Na mwaka 1951 Ewen na Purcell wa Marekani waliyapokea.

Sasa itazameni taa ya mvuvi ukungu unapopita mbele yake. Ukungu huipunguza nuru ya taa. Na kando ya taa, ukungu wenyewe huonekana mweupe. Wataalamu hufanya mfano wa hayo. Kwanza hukielekeza chombo cha kupokelea mawimbi kwenye kitu cha mbali kitoacho mawimbi yenye nguvu, wakapima ni kiasi gani gesi iliyo mbele yake imeyameza. Kisha hukielekeza kando kidogo, wakapima mawimbi ya gesi yenyewe. Gesi baridi humeza sana. Gesi ya moto humeza kidogo mno. Kwa kuvilinganisha vipimo hivyo viwili, joto hujulikana.

Imeonekana kuwa gesi hiyo ina hali mbili. Moja ni baridi, yapata nyuzi 200 chini ya sifuri kwa kipimo cha sentigredi. Nyingine hufika nyuzi elfu kadhaa. Walakini hii ya moto haiwezi kuchemsha hata kikombe cha chai, kwa kuwa ni nyembamba kupita kiasi.

Mtu aweza kuuliza, kuna faida gani? Gesi baridi ndiyo ikusanyikayo na kushikamana, hata mwisho nyota mpya zikazaliwa. Jua letu nalo lilizaliwa kwa njia hiyo.

Basi tusiseme kwamba kisichofikiwa kwa mkono hakijulikani.