Si kwa Mbio Zetu Tu



Katika kijiji cha Mashimoni, pale Kibera, walikuwako mama wawili waliouza mandazi, mlango kwa mlango. Wote waliamka saa kumi alfajiri. Siku moja daraja la miguu likajengwa juu ya mfereji, na njia ya watu ikapita mbele ya mmoja. Huyo akastawi. Mwenzake akafunga. Jumapili tulimsifu wa kwanza kwa bidii yake. Wa pili tukamwuliza kama anaomba vya kutosha. Leo tunaona haya kwa neno lile.

Mhubiri, katika sura ya 9, anatuonya kwamba mwenye mbio hashindi sikuzote, wala mwenye akili hapati mali sikuzote. Kuna wakati, tena kuna bahati. Hata makampuni makubwa hayaepuki jambo hilo. Tuchukue mfano tulio nao sote mikononi: M-Pesa.

Mwaka 2005 Safaricom, pamoja na wenzao wa Vodafone ya Uingereza, walianza kuijaribu huduma hii kwa wateja wachache wa Nairobi na Thika. Kusudi lilikuwa waliokopa walipe mikopo yao kwa simu. Lakini wateja wakaitumia kwa namna nyingine: wakapelekeana pesa wao kwa wao. Wakubwa wakaona, wakageuza mpango. Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa nchi nzima, kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani.

Hiyo ni bidii, nasi tunaisifu. Lakini tutazame wasiyoyafanya wao. Desturi ya kuwapelekea wazazi pesa mashambani ilikuwako kabla ya simu. Benki Kuu ingeweza kukataa, wala haikukataa. Kisha, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zikazuka. Watu wa Kibera wakazingirwa, wasiweze kutoka; jamaa zao wakawapelekea pesa kwa simu. Msiba ule hakuna aliyeuomba, walakini uliwafundisha wengi kuitegemea huduma ambayo haijatimiza hata mwaka.

Mwaka 2010 huduma iyo hiyo ilipelekwa Afrika Kusini, kwa jina lile lile. Mwaka 2016 ikafungwa. Je, waliokuwa kule walikuwa wavivu? La, hasha. Walikuta udongo mwingine: wengi walikuwa tayari na akaunti za benki.

Basi, je, bidii ni bure? Sivyo. Asiyepanda havuni, hata mvua ikinyesha. Lakini aliyepanda hakuileta mvua. Ndiyo maana Musa aliwaonya Waisraeli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, wasije wakashiba wakadhani ni nguvu zao wenyewe zilizowapa mali. Anayekiri kwamba alipewa, humshukuru Mungu. Tena hamdharau jirani ambaye njia haikupita mlangoni pake.

Wapendwa, wiki hii na tumtembelee aliyefunga duka. Tusimpelekee mahubiri. Tumwombe radhi, tumwulize anahitaji mtaji wa kiasi gani, tuchange. Na sisi ambao daraja lilijengwa mbele yetu, tuwe wa kwanza kutoa.

Mungu awabariki. Amina.